Lami isitandikwe juu ya bomba la majitaka ambalo maji husimama ndani yake

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili niseme na halmashauri ya jiji letu, hasa madiwani wa kamati inayoshughulikia ujenzi, kuhusu barabara inayojengwa katika mtaa ninaoishi na bomba la majitaka lililozikwa chini yake. Tumetangaziwa kwamba lami itaanza kutandikwa muda si mrefu, mara tu msingi wa kokoto utakapomaliza kushindiliwa. Ombi langu ni moja. Lami isitandikwe juu ya kile kipande cha barabara ambacho maji hayatembei ndani ya bomba lake, mpaka bomba hilo lifukuliwe, lilazwe upya na kupimwa mbele ya watu.

Nitangulize kusema kwamba sipingi ujenzi wa barabara hii. Tuliisubiri kwa miaka mingi, tukila vumbi wakati wa kiangazi na kuvua viatu wakati wa masika, na siku tulipoyaona magreda yakiingia mtaani nilikuwa miongoni mwa waliotoka nje kushangilia. Halmashauri ilifanya jambo la busara ilipoamua kwamba, kwa kuwa barabara inafumuliwa yote, basi bomba la majitaka lilazwe kwanza ili nyumba zetu ziachane na mashimo yanayofurika. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na walioupitisha wanastahili shukrani zetu. Kilichoharibika ni kazi ya ulazaji wa bomba, na sasa kinachotaka kuharibika zaidi ni namna halmashauri inavyoishughulikia kasoro hiyo.

Nimefanya kazi ya ufundi wa mabomba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu kabla ya kustaafu, kwa hiyo mtaro ulipochimbwa mbele ya nyumba yangu sikuweza kukaa ndani. Nilikuwa nikisimama kando ya kamba ya tahadhari kila siku, na mengi niliyoyaona yalikuwa ya kuridhisha. Chemba tatu za juu, yaani mashimo ya kukagulia na kuzibulia bomba, zilijengwa vizuri, mchanga ulitandikwa chini ya mabomba, na fundi aliyekuwa akiyaunganisha alihakikisha kila mpira wa maungio umekaa mahali pake kabla ya kusukuma bomba la pili. Mambo yalianza kubadilika walipofika chemba ya nne. Hapo kijiko cha mtambo kilichimba kupita kina kilichotakiwa, na badala ya kujaza nafasi hiyo kwa kokoto au zege nyepesi, walirudishia udongo uleule uliolegea, wakausawazisha kwa koleo, wakalaza bomba juu yake. Walipokaribia chemba ya tano walikutana na mwamba. Mtambo uliugonga kwa nusu siku bila mafanikio, na kesho yake nikaona kina cha mtaro kimepunguzwa ili bomba lipite juu ya mwamba. Nilimwuliza msimamizi kama mpima amekubaliana na mabadiliko hayo. Akanijibu kwa upole kwamba mpima hayupo wiki hiyo, lakini hesabu zitarekebishwa.

Sasa nieleze nilichokiona baada ya mvua za kwanza, kwa sababu ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Hakuna nyumba hata moja iliyokwisha kuunganishwa kwenye bomba hilo, kwa hiyo lingepaswa kuwa kavu, au angalau maji yoyote yaliyoingia kwa bahati mbaya yangekuwa yameteremka na kwenda zake. Chemba ya tatu niliikuta kavu. Katika chemba ya nne maji yalikuwa yamesimama hadi nusu ya mdomo wa bomba, yametulia tuli, na juu yake kulikuwa na jani lililokauka ambalo nililikuta mahali palepale jioni ya siku hiyo na asubuhi iliyofuata. Chemba ya tano, ambayo ndiyo inayopaswa kuyapokea maji hayo, ilikuwa na unyevunyevu tu sakafuni. Nilichukua ndoo ya maji, nikakoroga majivu ndani yake, nikaimimina katika chemba ya tatu. Majivu yalifika chemba ya nne upesi kama inavyotakiwa, yakazunguka mara moja, kisha yakaanza kuzama. Nilikaa pale nusu saa nzima, na katika chemba ya tano halikuonekana hata doa la majivu.

Kisha nikafanya kipimo ambacho mafundi wa majitaka wamekifanya tangu zamani, nacho hakihitaji zaidi ya tochi na kioo. Kijana wa jirani aliteremsha tochi iliyofungwa kwenye fimbo katika chemba ya tano, nami nikateremsha kioo kwenye fimbo nyingine katika chemba ya nne, bila yeyote kati yetu kuingia ndani, na ninawasihi wasomaji wasithubutu kuingia katika chemba yoyote kwa sababu nitakazozieleza. Bomba lililolazwa sawasawa kati ya chemba mbili huonyesha duara kamili la mwanga kwenye kioo, kwa kuwa jicho linapita moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi niliona ukingo mwembamba wa mwanga juu, umbo la mwezi mwandamo, na chini yake giza la maji. Kijana yule hana elimu ya uhandisi, lakini alipokuja kuchungulia kwenye kioo aliuliza swali ambalo ningependa halmashauri ilijibu: ikiwa mwanga haupiti, uchafu utapitaje?

Mabomba haya yana kipenyo cha milimita 200. Bomba la ukubwa huo, kwa mujibu wa viwango vinavyotumiwa na wahandisi wa majitaka, linahitaji kushuka takriban sentimeta 40 kwa kila mita 100 ili maji yapate mwendo wa kutosha kubeba taka ngumu. Umbali kati ya chemba ya nne na ya tano ni takriban mita 50, kwa hiyo bomba lilipaswa kushuka sentimeta 20. Maji yaliyosimama nusu bomba upande wa chemba ya nne, huku chemba ya tano ikiwa haina maji, yana maana kwamba mahali fulani mbele bomba liko juu kuliko mwanzo wake kwa angalau sentimeta 10 hivi. Wameyaagiza maji yapande mlima. Mfumo huu hauna pampu katika sehemu hiyo, na kitu pekee kinachoyasukuma majitaka ni uzito wake yenyewe kuelekea chini.

Wasioijua kazi hii hudhani kwamba bomba la majitaka linafanana na bomba la maji safi. Maji safi husukumwa kwa shinikizo, nayo yanaweza kupanda ghorofani na kupita kona zozote. Majitaka hutembea ndani ya bomba ambalo kwa kawaida halijai, yakiwa na uso wazi juu yake, na mwendo wake unapaswa kufikia angalau mita 0.6 kwa sekunde mara kwa mara kila siku, la sivyo mchanga, kinyesi na mafuta yaliyoganda hutuama chini. Kinachotuama leo hupunguza nafasi ya maji ya kesho, na maji ya kesho yakipungua mwendo huacha tope jingine, hadi siku moja bomba linaziba kabisa. Kabla halijaziba hutokea jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Majitaka yaliyosimama huishiwa oksijeni, na bakteria waliomo huanza kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai lililooza. Gesi hiyo ikipanda na kushika unyevu wa kuta za chemba, bakteria wengine huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, nayo huila zege taratibu mpaka kokoto zinabaki zimetokeza kama meno. Mbaya zaidi, gesi hiyo ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, hivi kwamba mtu aliyeingia kuzibua hudhani hewa imekuwa safi wakati anakaribia kuanguka. Kila mwaka, katika nchi mbalimbali, mafundi hupoteza maisha yao ndani ya chemba kwa namna hii, na mara nyingi wa pili hufa akijaribu kumwokoa wa kwanza. Ninapoliona bomba ambalo tangu siku ya kwanza litahitaji kuzibuliwa kila mara, ninawafikiria hao watakaotumwa kulizibua.

Katika mkutano wa hadhara ulioitishwa baada ya wakazi kulalamika, wawakilishi wa halmashauri walitupa majibu matatu. Niliyasikiliza kwa makini na ningependa kuyajibu kwa heshima ileile waliyotuonyesha.

Walisema kwanza kwamba maji yatajisukuma yenyewe nyumba zikishaunganishwa, kwa kuwa kiasi cha maji kitaongezeka. Kuongezeka kwa maji hakuondoi bonde lililoko kwenye bomba. Maji yatajaa bonde hilo, yatamwagika upande wa pili yakiwa yamechujwa, na kila kizito kilichomo kitabaki chini. Walisema pia kwamba gari la kusafisha mabomba kwa shinikizo la maji litapita mara kwa mara. Gari hilo huondoa tope, nami nimelitumia na ninajua faida yake, lakini likiondoka bomba hubaki na mteremko uleule mbaya lililokuwa nao. Bomba la majitaka lililolazwa vizuri huhudumia mtaa kwa miaka 50 na zaidi. Je, halmashauri imetenga gari, dereva na mafundi wa kuja kwenye mita 50 hizi kwa miaka yote hiyo? Na wakati wa masika, ambapo kila mtaa huita gari hilo kwa wakati mmoja, sisi tutakuwa wa ngapi kwenye foleni?

Jibu la tatu ndilo zito, na sitaki kulipita haraka. Tuliambiwa kwamba fedha za barabara zina muda wake, kwamba mwaka wa fedha ukiisha kazi ikiwa haijakamilika zinaweza kuondolewa na kupelekwa kwingine, na kwamba ni afadhali kuweka lami sasa na kushughulikia bomba baadaye. Ninaelewa hofu hiyo. Mtu aliyewahi kuona mradi ukisimama njiani kwa sababu ya karatasi hawezi kuwacheka madiwani wanaotaka kuukamilisha ungali mkononi. Hata hivyo, naomba wafikirie neno “baadaye” lina maana gani hapa. Bomba liko kwenye kina cha zaidi ya mita mbili, katikati ya njia. Kulifikia baada ya lami ni kukata lami mpya, kufukua msingi uliokwisha kushindiliwa, kuufunga mtaa tena, kisha kurudishia tabaka moja baada ya jingine, na kiraka kitakachobaki hakitakuwa sawa na barabara iliyojengwa kwa pamoja. Maungio kati ya lami ya zamani na mpya ndipo maji yanapoanzia kupenya, na yakishafika kwenye msingi, magari humalizia kazi. Kwa maneno mengine, halmashauri itakuwa imelipa barabara mara mbili ili ipate barabara moja yenye kovu. Mtu yeyote ambaye amewahi kujenga nyumba anajua kwamba haanzi kupaka rangi ukuta halafu akaufumua kupitisha mabomba.

Tena kuna jambo ambalo halikuguswa mkutanoni. Kasoro ya bomba ni kasoro ya barabara pia. Mtaro unapofukiwa, udongo unapaswa kurudishwa kwa matabaka ya sentimeta 15 hadi 30, kila tabaka lishindiliwe kabla ya linalofuata kumwagwa, na zile sentimeta 30 za kwanza juu ya bomba ziwe za mchanga au udongo laini usio na mawe. Kati ya chemba ya nne na ya tano kifusi kilirudishwa kwa mkupuo mmoja, mawe kwa mabonge, halafu mtambo ukapita juu yake mara mbili tatu. Udongo wa namna hiyo huendelea kujishindilia wenyewe kwa miezi na hata miaka, ukisaidiwa na mvua na uzito wa magari. Tunaokaa hapa tumeanza kuona mstari mrefu uliobonyea juu ya msingi wa kokoto, unaofuata njia ya mtaro kutoka chemba moja hadi nyingine, na maji ya mvua hutuama humo baada ya sehemu nyingine zote kukauka. Lami ikitandikwa itakuwa nyororo siku ya kwanza. Lakini lami haina nguvu ya kuubeba udongo unaozama chini yake, nayo itafuata ulikokwenda udongo.

Kuna pia suala la maji ya kunywa. Bomba la maji safi la mtaa wetu linapita upande uleule wa barabara, na katika sehemu moja nililiona likiwa wazi ndani ya mtaro uleule wa majitaka, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kuyagusa mabomba yote mawili kwa kunyoosha mikono yake. Kanuni inayofuatwa mahali pengi ni kuyatenganisha kwa mita 3 kwa upana, na pale yanapolazimika kupishana, la maji safi lipite juu na kuwe na nafasi ya angalau sentimeta 45 kati yake. Sababu ya kanuni hiyo ni rahisi. Katika mji ambao maji hukatika na kurudi, bomba lililobaki tupu linaweza kuvuta ndani yake kitu chochote kilicho nje ya ufa wake. Bomba la majitaka lenye maji yaliyosimama muda wote hushinikiza maungio yake usiku na mchana, na maungio yaliyolazwa juu ya udongo unaozama hufunguka. Mwaka 1854, daktari John Snow alionyesha jinsi kipindupindu kilivyosambaa kutoka kwenye pampu moja ya maji katika eneo la Soho mjini London, na uchunguzi uliofuata ukagundua kwamba shimo la maji machafu lililokuwa hatua chache kutoka kwenye kisima hicho lilikuwa na kuta zilizochakaa zilizovuja ardhini. Wengi wa waliokunywa hawakushuku chochote. Maji yalionekana maangavu.

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa kuwa unahusu moja kwa moja uhusiano wa bomba na barabara, ni wa mji wa Chicago nchini Marekani. Mji huo ulijengwa kwenye ardhi tambarare iliyo chini sana kando ya ziwa, na katikati ya karne ya 19 maji machafu hayakuwa na pa kuteremkia, kipindupindu kikawa kinawarudia mara kwa mara. Mhandisi Ellis Chesbrough, aliyepewa kazi mwaka 1855, aliona kwamba mabomba hayawezi kupata mteremko ikiwa barabara zitabaki kwenye kimo chake. Uamuzi uliofuata ulikuwa wa ajabu kwa wakati wake: mabomba yalilazwa kwa mteremko yanaouhitaji, udongo ukajazwa juu yake, barabara zikainuliwa zikafuata kimo cha mabomba, na baada ya hapo majengo, yakiwemo makubwa ya matofali, yakainuliwa kwa jeki ili yafikie barabara. Walikuwa tayari kuunyanyua mji mzima kwa ajili ya mteremko wa bomba. Sisi tunaomba mita 50.

Nirudi kwenye suala la wajibu, kwa sababu ninaogopa hapa ndipo haki yetu itakapopotelea. Kazi hii ina wakandarasi wawili, mmoja wa majitaka na mwingine wa barabara, na kila mmoja ana mkataba wake. Leo, kabla ya lami, ni rahisi kujua nani amekosea, kwa kuwa mkandarasi wa barabara hajaligusa bomba. Lami ikishawekwa, wa majitaka atasema bomba lilikuwa sawa mpaka mashine nzito za kushindilia zilipopita juu yake, na wa barabara atasema barabara ilikuwa sawa ila udongo aliokabidhiwa haukuwa umeshindiliwa. Watatupiana mpira huo mpaka muda wa uangalizi uishe. Muda huo kwa kawaida huwa miezi 12 baada ya kazi kupokelewa, na ndani yake mkandarasi hulazimika kurekebisha kasoro zake kwa gharama zake mwenyewe. Kwa ajili hiyo mikataba mingi humruhusu mwenye mradi kuzuia sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, nusu yake ikitolewa kazi inapokamilika na nusu nyingine muda wa uangalizi unapomalizika bila kasoro. Hiyo ndiyo silaha ya halmashauri. Itakapotia saini hati ya kukamilika kwa kazi na kuachia fedha hizo, itakuwa imeitupa silaha hiyo kwa mkono wake yenyewe, na kuanzia hapo kila jembe litakalopigwa kwenye kasoro hii litalipwa na wakazi.

Inasemekana hati hiyo tayari imeandaliwa. Sijaiona, kwa hiyo sitamshutumu mtu. Lakini naomba madiwani, kabla haijasainiwa, wamuulize mhandisi wao maswali matatu tu mbele ya kikao. Je, bomba lilipimwa kwa maji au kwa hewa kabla ya kufukiwa, na karatasi ya matokeo iko wapi? Je, kamera ilipitishwa ndani ya bomba kutoka chemba ya kwanza hadi ya mwisho baada ya udongo kurudishwa? Na je, michoro inayoonyesha kazi jinsi ilivyofanyika, yenye kimo halisi cha sakafu ya kila chemba, imekabidhiwa? Mhandisi aliyesimamia kazi vizuri atakuwa na karatasi hizo kwenye jalada lake na atazitoa mara moja. Kama hazipo, basi hakuna mtu katika halmashauri anayejua alichokipokea, na kutandika lami katika hali hiyo kutakuwa ni ule mchezo wa funika kombe mwanaharamu apite.

Kuhusu muda wa fedha, ninadhani ipo njia ambayo haitamnyima mtu barabara. Tatizo liko kati ya chemba mbili. Mkandarasi wa barabara anaweza kuendelea na lami kutoka upande wa juu hadi kabla ya chemba ya nne, na kutoka baada ya chemba ya tano hadi mwisho wa barabara, mradi kamera ithibitishe kwamba huko kuko salama. Kipande kilichobaki kifukuliwe mara moja, mwamba upasuliwe kwa mashine inayofaa, udongo mbovu chini ya bomba uondolewe na kujazwa kokoto zilizoshindiliwa, mabomba yalazwe kutoka chini kuelekea juu kwa vipimo vya mpima aliyepo kazini, na mtaro ufukiwe kwa matabaka. Mafundi wenye vifaa kamili hawahitaji miezi kwa kazi ya urefu huo. Gharama ziende kwa mkandarasi aliyelaza bomba, kutoka kwenye fedha zake zilizozuiwa, na siku ya kupima kamera wakazi waalikwe waone picha kwa macho yao. Mifuniko ya chemba nayo iinuliwe ilingane na uso wa lami, kwa sababu nimeona mahali pengine ikizikwa chini ya lami na baadaye watu wakaitafuta kwa nyundo.

Nimeandika kwa urefu, Ndugu Mhariri, kwa sababu kuna mtu mmoja ninayemfikiria kila ninapopita pale. Nyumba iliyo karibu na chemba ya nne ndiyo ya chini kuliko zote upande wetu, na humo anakaa bibi mmoja na wajukuu zake. Sakafu ya bafu lake iko chini ya kimo cha mfuniko wa chemba. Bomba likiziba, majitaka ya nyumba zote za juu hayatapanda mpaka yafike kwenye mfuniko. Yatatafuta tundu lililo chini kuliko yote, nalo ni tundu la bafu la bibi huyo. Alinisimamisha wiki iliyopita akaniuliza, “Mwanangu, nasikia na mimi nitaunganishwa. Nikubali?” Amekwisha kulipia fomu na kuchimbiwa mfereji hadi ukutani kwake. Nilimwambia asubiri kidogo, asiruhusu bomba lake liunganishwe mpaka nimletee habari kwamba lile la barabarani limepimwa.

Mfuniko wa chemba ya nne bado haujafungwa. Mhandisi yeyote wa halmashauri atakayekuja na tochi na kioo atanikuta nyumbani, asubuhi au jioni, na kijana wa jirani yuko tayari kushika fimbo upande wa pili.

Wako katika ujenzi wa jiji letu,
Fundi mstaafu, mkazi wa mtaa husika
(Jina na anwani vimehifadhiwa)